Tabasamu la ofisini, ukimya wa nyumbani

SWALI: "Nina umri wa miaka 36. Nilizaliwa Rajkot, India, nikalelewa Dar es Salaam tangu nikiwa na miaka minne, na huu ni mwaka wa saba niko New Jersey, Marekani, nikifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta. Nilioa miaka mitano iliyopita. Ndoa ilipangwa na wazee. Mimi na mke wangu tulionana mara mbili tu kabla ya harusi, mara zote sebuleni kwao Rajkot, chai mezani na shangazi wawili wakitusikiliza. Amesomea ufamasia, lakini hapa hafanyi kazi kwa sababu ya aina ya viza yake. Hatugombani. Tatizo ni kwamba hatuzungumzi. Hajawahi kuniambia kuwa ananipenda. Kila jioni yeye yuko kwenye simu na mama yake, mimi niko kwenye kompyuta.

Kazini kuna mwanamke Mmarekani, mtalikiwa, ambaye meza zetu zinatazamana. Husifia mashati yangu. Akicheka hunigusa mkono. Baba yangu alipofariki alinikumbatia mbele ya watu wote, kisha akaniandikia kadi. Aliwahi kuniambia kwamba mke wangu ana bahati, na ujumbe wake mara nyingi huwa na alama ya moyo. Amenisimulia mambo ya talaka yake ambayo kwetu mtu humwambia dada yake tu. Siku hizi naamka mapema ili nifike ofisini kabla yake. Naamini ananipenda na anasubiri nitamke. Je, nimwambie? Na je, ni haki kubaki katika ndoa isiyo na mapenzi kwa sababu tu wazee walikubaliana?"

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa kufiwa na baba. Naanza na msiba huo kwa makusudi, maana umeutaja kwa kupita tu, katikati ya sentensi inayomhusu mtu mwingine, na kabla sijamaliza nitaurudia.

Umeuliza maswali mawili na kuyafunga kwa kamba moja. La kwanza ni kama mfanyakazi mwenzako anakupenda. La pili ni kama ndoa yako ina maisha mbele yake. Jinsi ulivyoyapanga, jibu la la kwanza ndilo litakaloamua la pili: akiwa anakupenda, ndoa imekufa, asipokuwa anakupenda, utarudi kukaa kimya mbele ya kompyuta. Naomba tuifungue kamba hiyo, kwa sababu hata kama mwanamke huyo angehamia mji mwingine wiki ijayo, ukimya wa nyumbani kwako ungebaki palepale.

Tuanze na ishara ulizoziorodhesha. Katika ofisi ya Kimarekani, karibu kila moja kati ya hizo ni adabu ya kawaida ya mtu mchangamfu. Kusifia shati la mwenzako ni namna ya kumsalimu. Kitenzi kile ambacho sisi tungekifasiri kuwa "kupenda" Wamarekani hukitumia kwa supu, kwa viatu, kwa mbwa wa jirani na kwa mpango wa mkutano wa saa nne, na hakuna anayeshtuka. Nilipofika nchi hiyo mara ya kwanza, mwanamke wa kaunta ya duka alinisifia kofia yangu ya kufuma, nami kwa mazoea ya pwani, ambako ukisifiwa kitu huna budi kusema "karibu", nikaivua na kumnyooshea. Alirudi nyuma hatua moja kana kwamba nimemtolea kisu. Yeye alikuwa amenisalimu tu.

Kukumbatiana mtu anapofiwa, na kumwandikia kadi, ni desturi yao ya kutoa pole, kama sisi tunavyokwenda kukaa matangani. Ona pia kwamba alikukumbatia mbele ya watu wote. Habari za talaka nazo hazina uzito ule unaoudhani, kwa kuwa kwao talaka si siri ya ukoo. Watu wengi huizungumza na wafanyakazi wenzao wakati wa chakula cha mchana. Ama ile kauli kwamba mke wako ana bahati, wewe uliisikia kama mlango unaofunguliwa, lakini kwa sikio la Kimarekani kauli hiyo inamweka mke wako kati yenu wawili, na inakusifu wewe kwa kuwa mume wa mtu.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu kama wewe asikie mapenzi mahali palipo na uchangamfu? Sababu moja imo katika lugha uliyokulia. Kwa Wagujarati, yaani watu wa Gujarat, jimbo la Rajkot, jina la mtu mzima huunganishwa na bhai au ben, yaani kaka au dada, na mwanamke anayemwita mwanamume asiye ndugu yake kwa neno hilo anakuwa ameshaweka mpaka kabla mazungumzo hayajaanza. Akishauweka mpaka huo, anaweza kumtania, kumlisha na kumwagiza sokoni bila mtu kuwaza vibaya. Siku ya Raksha Bandhan mwanamke anaweza kumfunga uzi mkononi mwanamume ambaye hawana damu moja, na kuanzia hapo huyo ni kaka yake. Dar es Salaam ulikua ukisikia kitu kilekile kwa Kiswahili: dada, kaka, shemeji, anti. Kiingereza cha ofisini hakina vazi hilo. Mwanamke anakuita kwa jina lako tupu na anakucheka usoni, na masikio yako, yaliyozoea kusikia mpaka ukitangazwa, yanauona ukimya huo kama ruhusa. Kwa upande wake, hajaondoa mpaka wowote. Anadhani upo, kwa sababu una pete na umekwisha kumwambia kuwa umeoa.

Sababu ya pili haitokani na India wala Marekani. Mwaka 1982 mtafiti wa Kimarekani Antonia Abbey alichapisha utafiti ambamo mwanamume na mwanamke wasiojuana walizungumza kwa dakika tano, huku mwanamume na mwanamke wengine wakiwatazama kwa siri. Wanaume, waliozungumza na waliotazama, waliuona uchangamfu wa mwanamke yule kuwa na nia ya kimapenzi kupita wanawake walivyouona. Waliokuwa wakifanya kosa hilo walikuwa Wamarekani wenyewe, katika lugha yao wenyewe. Wewe umebeba kosa hilo la wanaume wote, na juu yake umebeba tofauti ya desturi. Mzigo huo ni mara mbili na sioni kwa nini ujilaumu kwa kuubeba, mradi uutue.

Kuna na hali ambayo mwanasaikolojia Dorothy Tennov aliielezea mwaka 1979 na kuipa jina limerensi: kuzama katika kumwaza mtu, kupima kila neno lake, kuishi kwa ishara. Hali hiyo hailishwi na mapenzi yanayojibiwa. Chakula chake ni mashaka yenye matumaini. Alama ya moyo leo, siku mbili za ujumbe mkavu, kisha mguso wa mkono, na mtu anajikuta anaamka kabla ya jogoo ili awahi kiti chake. Kama angekwambia waziwazi ndiyo au hapana, homa ingeanza kushuka. Nakuomba ufanye jambo dogo la uaminifu: fungua ujumbe anaoutuma kwa timu nzima na uhesabu alama za moyo alizowatumia wengine.

Siwezi kuusoma moyo wa mtu nisiyemwona, kwa hiyo sitakuapia kwamba hana hisia yoyote kwako. Ninachosema ni kwamba hakuna katika barua yako kinachohitaji maelezo ya mapenzi. Wamarekani wakitaka uhusiano kwa kawaida huomba kuonana wawili, nje ya kazi, kwa siku na saa, na hulisema jambo kwa maneno. Hajafanya hivyo.

Sasa twende nyumbani kwako, maana hapo ndipo barua yako iliponikaa moyoni. Umesoma ishara za mfanyakazi mwenzako kwa kuzizidisha. Nina wasiwasi kwamba ishara za mke wako umezisoma kwa kuzipunguza, kwa kipimo kilekile cha kigeni. Umeitaja kadi ya ofisini. Hukutaja mke wako alifanya nini usiku ule simu ya msiba ilipoingia kutoka Dar es Salaam: nani aliketi nawe, nani alipanga nguo zako kwenye begi, nani alijibu simu za jamaa ulipokuwa huwezi kusema. Labda hakufanya lolote, na kama ni hivyo, hilo ni jeraha linalopaswa kuzungumzwa. Lakini labda alifanya yote hayo na hayakuonekana kwako kuwa mapenzi kwa sababu hayakuja na maneno.

Katika nyumba nyingi za Kathiawar, eneo la Gujarat ulipo mji wa Rajkot, mke na mume hawatamkiani kwamba wanapendana. Wake wa kizazi cha bibi zetu hawakutaja hata jina la mume. Swali lenye mapenzi ndani yake ni "Jamya?", yaani umekula? Linaulizwa kila siku mpaka mtu haendelei kulisikia. Ukikaa saa tisa kwa siku mahali ambapo mapenzi hutangazwa hadi kwa supu, kisha ukarudi nyumbani ukaulizwa kama umekula, ni rahisi kudhani kwamba nyumbani hakuna kitu.

Umesema pia kwamba kila jioni yuko kwenye simu na mama yake, na umelisema kama lawama. Hebu tupige hesabu. Saa 2 usiku ya New Jersey wakati wa kiangazi ni saa 11 na nusu alfajiri Rajkot. Mama mkwe wako anaamka gizani kila siku ili azungumze na binti yake. Mtu hamwamshi mama yake kila alfajiri kwa soga. Huenda ndani ya nyumba yako kuna mtu mpweke kuliko wewe, ambaye hana hata ofisi ya kukimbilia.

Upweke huo una chanzo kinachojulikana. Viza ya mwenza wa mfanyakazi kama wewe, ile ya H-4, kwa miaka mingi haikumruhusu mtu kufanya kazi kabisa, na hata baada ya kanuni kulegezwa mwaka 2015, kibali kinatolewa kwa wale tu ambao ombi la ukazi wa kudumu la mwenza wao limefika hatua fulani. Fikiria mfamasia aliyekuwa akiitwa kwa cheo chake, ambaye sasa anasubiri bila tarehe ndani ya fleti, bila mshahara wake na bila rafiki aliyempata mwenyewe. Ukimya wa mtu wa namna hiyo mara nyingi ni dalili ya kunyong'onyea, na mume aliyechoka anaweza kuusoma kuwa kukataliwa. Muulize mwanasheria anayeshughulikia viza yako kama ombi lako limefika hatua hiyo. Ni swali la barua pepe moja, na huenda likafanya kazi kubwa kuliko maua.

Ama kuhusu wazee: dhana kwamba ndoa ya kupangwa haina mapenzi kwa sababu ilipangwa haina msingi, na dhana ya upande wa pili, kwamba mapenzi yatakuja yenyewe ukisubiri, nayo haina msingi. Mwaka 1982, Usha Gupta na Pushpa Singh waliwapima wanandoa 50 wa Jaipur, wakaona kwamba waliooana kwa kuchaguana walianza na mapenzi mengi yaliyopungua kadiri miaka ilivyopita, huku waliopangiwa wakianza chini na kupanda, hata baada ya miaka mitano wakawapita. Watu hupenda kuunukuu utafiti huo harusini. Nisingeutegemea sana: ni watu wachache, wa mji mmoja. Pamela Regan na wenzake, waliowachunguza Wahindi waishio Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2012, hawakuona tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili katika mapenzi wala kuridhika. Kwa hiyo aliyewakutanisha si shahidi wa maana. Wa maana ni ninyi na mnachofanya saa 2 usiku.

Ila kuna swali moja la sebule ile ya Rajkot ambalo halijapitwa na wakati. Katika uchunguzi mkubwa wa kaya za India wa mwaka 2011 na 2012, takribani asilimia 5 tu ya wanawake walisema walimchagua mume kwa uamuzi wao peke yao. Wewe unajiuliza kama ni haki wewe kubaki. Je, umewahi kumuuliza yeye kama alitaka? Anaweza kukujibu jambo litakalokuumiza. Anaweza pia kukwambia alichokiona kwako siku ile juu ya sinia la chai.

Tupime sasa njia zilizo mbele yako. Kumwambia mwenzako wa kazini kwamba unampenda ndiyo njia ninayokusihi usiifuate. Tamko moja la adabu kwa kawaida halihesabiwi unyanyasaji wa kijinsia, lakini kulirudia baada ya kukataliwa kunaweza kuhesabiwa, na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inazihusu ofisi za huko bila mzaha. Zaidi ya hapo, viza yako imefungwa na kazi yako. Ukiachishwa, kwa kawaida una muda usiozidi siku 60 wa kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi au kuondoka, na mke wako anaondoka nawe. Na hata bila sheria yoyote, utakuwa umempoteza rafiki aliyekutendea wema wakati wa msiba. Usimgeuzie mgongo ghafla pia, maana atajiuliza amekosa nini. Acha kuwahi ofisini kwa ajili yake, jibu ujumbe wake kwa maneno mafupi ya kirafiki, zungumzeni mbele ya wengine, na umtaje mke wako kwa jina. Jina husaidia zaidi ya neno "mke wangu".

Talaka ni njia halali na siifichi. New Jersey tangu mwaka 2007 inaruhusu talaka kwa tofauti zisizosuluhishika zilizodumu walau miezi sita, bila kumtafuta mwenye kosa. Lakini kama mlifunga ndoa ya Kihindu, jueni kwamba Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua mwaka 1991 kwamba talaka ya nje inaweza kukataliwa huko iwapo sababu yake haimo katika sheria iliyofungia ndoa na mwenza mmoja hakuikubali. Mtu hujikuta ametalikiwa Marekani na bado ameoa India. Mke wako, kwa upande wake, atapoteza haki ya kukaa nchini pindi talaka itakapokamilika, isipokuwa awe amepata hadhi nyingine. Msiende kwa mwanasheria mmoja wa upande mmoja. Na usiianze safari hiyo ukiwa ndani ya homa niliyoielezea hapo juu. Jipe walau miezi sita ya kujaribu kwa dhati.

Kujaribu kwa dhati kunaanza na jambo ambalo hutarajii: msiba. Mtu aliyefiwa hutafuta joto popote linapowaka, na mwaka huu joto lililotamkwa kwa sauti lilikuwa ofisini. Mwambie mke wako habari za baba yako. Usianze na "ndoa yetu ina tatizo", maana hapo ataingia kujitetea. Mwambie unachokikumbuka, kilichokuuma, usichoweza kumwambia mama yako kwenye simu. Kisha muulize habari zake, na usimkatize. Mkiweza, toeni saa moja kila wiki isiyo na simu wala kompyuta, mkitembea, kwa kuwa wengi wetu huona wepesi kusema tukiwa bega kwa bega kuliko tukitazamana. Lugha yoyote itakayowatoka ni sawa, Kigujarati, Kiingereza, hata Kiswahili chako cha Kisutu, Dar es Salaam, ambacho yeye hakijui na anaweza kufurahi kufundishwa.

Wataalamu hatukubaliani kama umwambie kuhusu yule wa kazini. Maoni yangu ni kwamba usimwambie katika mazungumzo ya kwanza, kwa sababu hakuna tendo la kuungama, na ungamo la namna hiyo mara nyingi humtua mzigo msemaji na kumtwisha msikilizaji. Akikuuliza, usimdanganye. Mahali salama pa kulifungua ni mbele ya mshauri.

Na mshauri nadhani mnamhitaji, ikiwa wiki sita au nane za kujaribu zitapita na bado mnakula mkiwa kimya. Tafuteni mwenye leseni ya jimbo ya ushauri wa ndoa na familia, na mumuulize kabla ya kikao cha kwanza kama amewahi kufanya kazi na wanandoa wa Kihindi, kwa maana mshauri asiyeijua ndoa ya kupangwa anaweza kuichukulia kuwa ndoa ya kulazimishwa na kuwaelekeza vibaya, na yule aliyebobea mno katika mila anaweza kumwambia mke wako avumilie. Waajiri wengi wa Marekani hulipia vikao vichache bila kujulishwa mnachosema; waulize watu wa rasilimali watu. Wazee wa pande zote mbili washirikisheni baadaye, mkiwa mmekwisha kujua mnataka kuwaambia nini.

Msisubiri wiki hizo ikiwa usingizi umekupotea kwa muda mrefu, huwezi kula, au wazo la kufa limeanza kukutembelea. Ukiwa Marekani piga 988, namba ya msaada kwa wanaowaza kujiua, saa yoyote. Vilevile, ikiwa katika ukimya huo kuna hofu, kupigwa au kunyang'anywa pesa na pasipoti, mambo ambayo barua yako haiyataji, ushauri wa pamoja si mahali pa kuanzia, na mke wako anapaswa kujua kwamba New Jersey lipo shirika la Manavi, lililoanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya wanawake wa Asia Kusini.

Ukipata nafasi kwa mshauri, mwambie mke wako kabla hujaithibitisha, na umwachie yeye achague siku na saa. Pengine atachagua saa isiyogongana na simu ya mama yake, mkubalie.